Kusoma New Brunswick, Kanada, na kubaki huko baadaye: naomba ushauri kabla kiwanja cha baba hakijauzwa

BintiUjiji (Kigoma)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Ninaandika nikiwa Ujiji. Nina umri wa miaka 26, nina stashahada ya uhasibu ya miaka 2, na kwa miaka 2 sasa ninatunza vitabu vya hesabu vya mfanyabiashara mmoja wa dagaa na mawese pale Kibirizi. Shule ya msingi nilisomea Bujumbura, kwa sababu baba alikuwa na biashara ng'ambo ile ya ziwa, kwa hiyo Kifaransa ninakizungumza bila kutafuta maneno, na ndicho ninachotumia kila siku na wateja wetu wa Burundi. Kiingereza changu ni cha sekondari na chuo, si kibaya.

Nimekusudia kusoma Kanada, na jimbo lililonivutia ni New Brunswick, kwa kuwa ni dogo, lina lugha mbili rasmi, na nimesikia kwamba linahitaji watu kiasi kwamba mwanafunzi akihitimu huweza kuomba ukaazi wa kudumu. Wakala mmoja hapa mjini amenishauri nichukue stashahada ya miaka 2 ya usimamizi wa biashara katika chuo cha kati, akisema kwamba ada yake ni nafuu na kwamba nikimaliza tu, ukaazi utakuja wenyewe. Baba amekubali kuuza kiwanja chetu cha Mwandiga ili kugharimia safari. Kiwanja hicho ndicho akiba pekee aliyo nayo, na nina wadogo zangu 3 ambao bado wanasoma, kwa hiyo sitaki kiuzwe kwa maneno ya mtu ambaye atapata kamisheni yake hata kama mimi nitarudishwa.

Naomba wenye ufahamu wanieleze mambo haya. Je, nisome kwa Kifaransa au kwa Kiingereza? Ni kitu gani hasa kinachomtoa mtu kwenye uanafunzi na kumfikisha kwenye ukaazi? Na je, udogo wa jimbo ni nafuu, au nitajikuta nimefungwa mahali pasipo na kazi?

MhaWaMoncton

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa Kasulu, nilikuja huku kama mwanafunzi na sasa ninaishi na kufanya kazi Moncton. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuuza.

Nianze na lugha, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotoka. New Brunswick ndilo jimbo pekee la Kanada ambalo Kiingereza na Kifaransa ni lugha rasmi zake zote mbili. Sheria ya jimbo ilipitishwa mwaka 1969, na usawa wa jamii hizo mbili ukaingizwa katika Katiba ya nchi mwaka 1993. Wenye Kifaransa kama lugha ya kwanza ni karibu asilimia 30 ya wakazi, na wengi wao ni Waakadia, wazao wa walowezi wa Kifaransa ambao Waingereza walianza kuwahamisha kwa nguvu mwaka 1755. Wamejaa zaidi kaskazini na pwani ya mashariki, yaani Edmundston, Caraquet, Shippagan na vijiji vya jirani. Fredericton, ambao ndio mji mkuu, pamoja na Saint John, ni miji ya Kiingereza. Moncton ni mchanganyiko, na mji wa Dieppe ulioshikana nao ni wa Kifaransa kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo, kuwa na lugha mbili rasmi hakumaanishi kwamba kila mtu anazungumza zote mbili. Maana yake ni kwamba serikali inawajibika kukuhudumia kwa ile unayoichagua, na ndiyo maana ukifika dirishani katika ofisi ya jimbo, mhudumu husema "Hello, bonjour", kisha hunyamaza akisubiri kusikia utamjibu kwa ipi. Hospitali nazo ziko chini ya mitandao miwili, Vitalité inayoendeshwa kwa Kifaransa na Horizon kwa Kiingereza. Wanaoziweza lugha zote mbili ni takriban theluthi moja tu ya wakazi, na hapo ndipo penye nafasi yako, kwa sababu matangazo mengi ya kazi za ofisini, benki na vituo vya huduma kwa simu hapa Moncton hutaka mtu anayeweza kupokea simu kwa Kifaransa na kuandika ripoti kwa Kiingereza. Msichana mwenye Kifaransa peke yake hapa atabanwa, na mwenye Kiingereza peke yake atashindana na umati.

Kuhusu vyuo, Université de Moncton, iliyoanzishwa mwaka 1963, hufundisha kwa Kifaransa na ina kampasi Moncton, Edmundston na Shippagan. University of New Brunswick ni kongwe zaidi, ya mwaka 1785, nayo hufundisha kwa Kiingereza katika Fredericton na Saint John. Zipo pia Mount Allison iliyoko Sackville na St. Thomas ya Fredericton. Vyuo vya kati vya umma vilivyo vikubwa ni viwili, CCNB cha Kifaransa na NBCC cha Kiingereza.

Sasa nije kwa wakala wako, maana ushauri aliokupa unaweza kukugharimu kiwanja chote. Kinachomwezesha mhitimu kubaki na kufanya kazi ni kibali cha kazi cha baada ya masomo, ambacho hutolewa mara moja tu katika maisha ya mtu na huweza kufika miaka 3 kulingana na urefu wa kozi. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, anayeomba kibali cha masomo ili asome stashahada ya chuo cha kati sharti achague fani iliyo katika orodha ya serikali, kama vile afya, kilimo, ufundi stadi, usafirishaji, sayansi na teknolojia, la sivyo hatapata kibali hicho cha kazi atakapohitimu. Usimamizi wa biashara wa ngazi ya chuo cha kati haumo. Ungesoma miaka 2, ukalipa ada yote, ukavumilia baridi, kisha ukatakiwa kuondoka. Shahada ya chuo kikuu haifungwi na orodha hiyo, hata ikiwa ni ya biashara au uhasibu. Mhitimu wa shahada hutakiwa kuthibitisha lugha kwa kiwango cha 7 katika vigezo vya Kanada, na wa chuo cha kati kiwango cha 5, kwa Kiingereza au kwa Kifaransa.

Kibali hicho nacho bado si ukaazi. Njia ambayo wahitimu wengi wa hapa huitegemea ni Mpango wa Uhamiaji wa Atlantiki, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kufanywa wa kudumu mwaka 2022, unaohusu majimbo manne ya pwani hii. Mhitimu wa chuo cha umma cha eneo hili, aliyesoma kozi ya angalau miaka 2 na kuishi katika eneo hili angalau miezi 16 ndani ya miaka 2 ya mwisho kabla ya kuhitimu, hasamehewi lugha wala ofa ya kazi, lakini husamehewa sharti la uzoefu wa kazi. Soma hapo kwenye ofa ya kazi mara mbili. Ofa lazima itoke kwa mwajiri aliyekwisha kuidhinishwa na jimbo kwa ajili ya mpango huo, na waajiri wa namna hiyo si wote unaowaona barabarani. Ipo vilevile njia ya kuteuliwa na jimbo, lakini mwanzoni mwa 2025 serikali kuu ilikata nafasi za uteuzi za majimbo kwa nusu, na jimbo dogo likikatwa nusu, kila aliye kwenye foleni huhisi.

Uliuliza kuhusu kufungwa. Ukishapata ukaazi wa kudumu, Katiba inakupa haki ya kuhamia jimbo lolote. Ila wakati wa kuomba kupitia jimbo unatamka kwamba unakusudia kuishi hapa, na mimi nakuomba usilitamke hilo ikiwa moyo wako uko Toronto. Kuna waajiri waliokuwa tayari kuajiri wageni na wakakata tamaa kwa sababu kila waliyemwajiri aliondoka baada ya miezi michache, na wanaoumia ni wanaofuata nyuma.

MwalimuIpuli (Tabora)

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tabora, na huwa ninawasaidia vijana kuandaa maombi ya vyuo vya nje bila malipo. Ndugu wa Moncton amemaliza upande wa huko. Mimi nitazungumzia fedha na karatasi, kwa sababu maombi mengi huangukia huku nyumbani kabla mtu hajaiona ndege.

Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, mwanafunzi anayekwenda peke yake nje ya jimbo la Quebec hutakiwa kuonyesha dola za Kanada 22,895 za kujikimu kwa mwaka, ambazo ni takriban shilingi milioni 40. Hiyo ni mbali na ada ya mwaka wa kwanza na mbali na nauli. Miaka michache iliyopita kiwango kilikuwa dola 10,000, na bado wapo mawakala wanaotaja kiwango hicho cha zamani, kwa kutojua au kwa makusudi. Mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo kwa saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Kima cha chini cha mshahara New Brunswick, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa dola 15.65 kwa saa, kwa hiyo wiki nzima ya saa hizo haikufikia dola 380 kabla ya kodi. Fedha hiyo hulipa chakula na sehemu ya pango, lakini ada ya mwanafunzi wa kigeni hailipiki kwayo. Shahada ni miaka 4. Kiwanja kikiuzwa mara moja, mwaka wa kwanza utalipwa, na ni lazima baba yako ajibu swali la mwaka wa pili, wa tatu na wa nne kabla hajamwita mnunuzi.

Pili, barua ya chuo haitoshi. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa ngazi ya stashahada na shahada ya kwanza hutakiwa pia kuwa na barua ya uthibitisho kutoka jimboni, kwa sababu serikali kuu imeweka kikomo cha idadi. Tangu Desemba 2023 kila barua ya kukubaliwa hurudishwa chuoni ihakikiwe, kwa hiyo barua ya kughushi haifiki mbali. Alama za vidole hutolewa Dar es Salaam, basi hesabu na nauli ya treni na malazi. Na yeyote anayetoza fedha ili akuwakilishe kwenye masuala ya uhamiaji wa Kanada lazima awe mwanasheria wa huko au mshauri mwenye leseni ya College of Immigration and Citizenship Consultants, ambaye jina lake huonekana katika daftari lao la wazi mtandaoni. Mwambie wakala wako akupe namba ya leseni. Akianza kueleza sana badala ya kutoa namba, umeshapata jibu.

Niseme kidogo kwa vijana wa Tabora wanaosoma hapa, hasa waliosomea misitu na nyuki. Zaidi ya asilimia 80 ya New Brunswick ni misitu, na University of New Brunswick imefundisha misitu tangu mwaka 1908. Wakulima wa matunda ya bluberi huko hukodi mizinga ya nyuki kutoka majimbo mengine ili mashamba yao yachavushwe. Mtu aliyelelewa katika miombo ya Sikonge ana jambo la kweli la kuandika katika barua yake ya maombi, kuliko kunakili barua ya mtu aliyeomba biashara.

DadaKalinzi

Nimesoma majibu yote kwa makini na ninakubaliana nayo, lakini kuna swali ambalo hakuna aliyemuuliza mdogo wetu: je, ni lazima akasome?

Mimi nilihamia Kanada bila kusoma huku. Kifaransa ndicho kilichonileta. Katika mfumo wa Express Entry, ambao huwapanga waombaji wa ukaazi kwa alama kisha kuwaita wa juu waombe, serikali kuu imekuwa tangu 2023 ikiita kundi maalumu la wanaojua Kifaransa, kwa sababu ina lengo la kuongeza wahamiaji wa lugha hiyo nje ya Quebec. Machi 2025 kundi hilo liliitwa hadi alama 379, wakati ambapo wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada walikuwa wakihitaji zaidi ya 500 mwaka huohuo. Sharti ni kufikia kiwango cha 7 katika stadi zote nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kupitia mtihani wa Kifaransa wa TEF au TCF wa Kanada.

Sasa tuangalie hali yake. Kwa asiyewahi kufanya kazi Kanada, kuna mizani ya kwanza, tofauti na alama hizo za kuitwa, inayotaka afikishe 67 kati ya 100, na inahitaji angalau mwaka mmoja wa kazi yenye ujuzi. Umri wake unampa alama zote 12. Stashahada ya miaka 2, ikitathminiwa hivyo, ni 19. Uzoefu wa miaka 2 ni 11. Kiingereza cha kiwango cha 5 ni 4. Kifaransa cha kiwango cha 7 ni 16, na jumla inakuwa 62, ambayo haitoshi. Lakini Kifaransa kikipanda hadi kiwango cha 9 anapata 24, na jumla inakuwa 70. Fedha za kuonyesha kwa mtu mmoja ni zaidi kidogo ya dola 15,000, tena hakuna ada ya chuo. Kwa maneno mengine, tofauti kati ya kuuza kiwanja na kutokiuza inaweza kuwa ni mwaka mmoja wa kukaa na vitabu vya sarufi.

Ninasema sarufi kwa sababu ninawajua watu wa kwetu. Kifaransa cha kupatana bei ufukweni ni chepesi mdomoni, lakini mtihani unakutaka uandike hoja kwa mpangilio, vitenzi vikikubaliana, alama za herufi kama é na ç zikiwa mahali pake, na muda ukikimbia. Nimewaona waliozaliwa katika lugha hiyo wakianguka kwenye kuandika.

MhaWaMoncton

Dada yangu wa Kalinzi ameleta jambo zito, na ningelifikiria kwanza kabla ya chuo. Ninaongeza tahadhari mbili. Alama 379 ilikuwa ya mwito mmoja. Kabla yake, Februari na mwanzoni mwa Machi mwaka huohuo, zilikuwa 428 na 410, kwa hiyo asijenge nyumba juu ya namba ya chini kabisa. Tahadhari ya pili ni ya kazi yake yenyewe. Katika orodha ya kazi za Kanada, mtunza vitabu vya hesabu huhesabiwa kuwa ni kazi yenye ujuzi, lakini karani wa hesabu yuko ngazi ya chini ambayo haikubaliki kwa njia hiyo. Cheo hakitazamwi peke yake. Hutazamwa majukumu aliyoyatekeleza.

Masomo nayo yana faida ambayo haionekani kwenye alama. Aliyesoma hapa ana walimu wanaomfahamu na waajiri waliomwona akifika kazini saa moja asubuhi wakati theluji imefika magotini. Katika mji mdogo jambo hilo lina uzito mkubwa, na mimi kazi yangu ya kwanza niliipata kwa njia hiyo.

BintiUjiji (Kigoma)

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimemsomea baba majibu yote jana usiku, naye amemwambia dalali wa kiwanja asubiri. Wakala nilimwomba namba ya leseni, na tangu hapo hajapokea simu yangu.

Nina swali moja zaidi. Rafiki yangu wa Bujumbura anasema kuna mpango wa wanafunzi wa Kifaransa ambao hauwalazimishi kuthibitisha kwamba watarudi nyumbani, na kuna mtu ameniambia kwamba kwa kuwa nilisoma Burundi anaweza kunitafutia karatasi za Burundi. Je, mpango huo upo kweli?

MwalimuIpuli (Tabora)

Mpango upo, mwanangu. Ni wa majaribio, ulianza Agosti 2024, ni kwa ajili ya wanafunzi watakaosoma kwa Kifaransa nje ya Quebec, na kweli hauwadai uthibitisho wa kurudi. Lakini unafungwa na uraia. Burundi, Kongo na Rwanda zimo katika orodha, Tanzania haimo. Kusoma Bujumbura hakukufanyi raia wa Burundi, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiwasilisha karatasi zisizo zako na ukagundulika, adhabu ni kufungiwa Kanada kwa miaka 5, na kumbukumbu hiyo itakufuata katika maombi yako mengine. Mtu huyo mwambie hapana, leo hii.

Wala usidhani kwamba bila mpango huo ni lazima ufiche nia yako. Sheria ya uhamiaji ya Kanada inakubali kwamba mtu anaweza kuomba kibali cha muda huku akitamani ukaazi baadaye. Kinachotakiwa ni ofisa aridhike kwamba muda wako ukiisha bila ruhusa nyingine utaondoka. Hapo ndipo kiwanja cha Mwandiga, kikiwa bado kwa jina la baba, pamoja na kazi yako ya Kibirizi, vinapokusaidia kuliko vikiwa vimeshauzwa na kuachwa.

DadaKalinzi

Mdogo wangu, wakati unasubiri kujiandikisha kwenye mtihani, nenda kwa mwajiri wako wiki hii umwombe barua. Iandikwe kwenye karatasi yenye anwani ya biashara, itaje tarehe uliyoanza, saa unazofanya kazi kwa wiki, mshahara wako, na iorodheshe kazi zenyewe: kuandaa mizania, kulinganisha taarifa za benki, kutayarisha marejesho ya kodi ya TRA, chochote unachokifanya kweli na si zaidi. Wafanyabiashara wetu wengi hulipa kwa fedha taslimu na hawaweki hati, kwa hiyo mwombe kuanzia sasa mshahara wako upitie benki. Na hizo aya unazowaandikia wateja kwa Kifaransa, ukipenda ziweke hapa mbili au tatu, uondoe majina yao, nami nitakuonyesha mahali ambapo mtahini angekukata alama.